Sahihi Ithibitishwe Kabla ya Mnada

Imekuwa ada ya mawakili wa benki, kila mwenye nyumba anapoikana sahihi yake, kujibu kwamba rehani imekwisha kusajiliwa na kwamba daftari la ardhi lajisemea lenyewe. Na jawabu hilo, ambalo baadhi ya waandishi wa toleo hili wamelistahi kupita kadiri yake, ndilo lililonishikisha kalamu. Kifungu cha 70 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya chataka sahihi inayonasibishwa na mtu ithibitishwe kuwa ni ya mkono wake, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yamtaka atiaye sahihi, au dole gumba, ahudhurie mwenyewe pamoja na mtu muaminifu wa kumtambulisha. Basi aitwe wakili aliyeshuhudia sahihi hiyo, aulizwe: bibi huyu aikanaye sahihi yake alifika ofisini kwako, ama tarishi alikuletea karatasi ambayo wino wake ulikuwa umekwisha kukauka?

Benki haihitaji hukumu ili iuze: notisi ya miezi mitatu, kisha ya siku 40, kisha ya dalali siku 45, na nyumba imenadiwa. Zuio la mnada likiombwa, mahakama, ikifuata vipimo vya kesi ya Giella na Cassman Brown ya 1973, aghalabu hutosheka na hati za viapo, na dai la kughushi likangojea kesi kusikizwa; ilhali kifungu cha 99 cha Sheria ya Ardhi chamlinda mnunuzi asiye na habari ya hila, na aliyedhulumiwa huachiwa fidia, kana kwamba nyumba ya mirathi ya Mji wa Kale wa Mombasa yapatikana dukani. Asubuhi moja ya kumhoji shahidi, kabla zuio halijakataliwa, si kuchelewesha haki. Wazee wetu walioandikiana bei ya khiyari mbele ya kadhi, wakiifuata aya ya 282 ya Sura ya Baqara, walijua kwa nini majina ya mashahidi huwekwa chini ya deni.

Ama makala mengine ya toleo hili, ile ya wataalamu wa miandiko ni ndefu, nayo yasahau kwamba mtaalamu hutoa rai, hali shahidi aliona. Ile ya sahihi ya mke katika nyumba ya ndoa ni nzuri, ila mwandishi ahesabu mke mmoja tu, na kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi chamtaja kila mke aishiye humo. Ya cheti cha hati za kielektroniki ni fupi, na ina faida.