Mnataka awe Ngassa? Basi someni karatasi kwanza

Mama zangu wa Lamadi, na ninyi mnaonisoma kutoka mbali, wiki iliyopita niliandika kuhusu uji wa watoto mkanishukuru sana. Leo kuna watakaonuna, hasa akina baba mnaonisoma kupitia simu za wake zenu.

Juzi kaja mama na kijana wake wa miaka 15, goti limevimba kama embe. Kaumia kwenye ndondo. Namuuliza, mbona mmekaa naye nyumbani siku nne? Ananijibu, "Baba yake alisema tusubiri, yule mtu wa timu atatuma hela ya matibabu. Tumeshaandikishana naye."

Nikaomba niione hiyo karatasi. Alikuwa nayo kwenye mfuko wa rambo pamoja na kadi ya kliniki ya mdogo wake. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Baba kaweka dole gumba, mtoto kaandika jina lake kwa mwandiko wa darasani. Nimeisoma mara mbili. Neno matibabu halimo. Kilichomo ni kwamba kijana yuko chini ya yule bwana kwa miaka saba, na akipata timu yoyote, bwana anachukua nusu.

"Mama, mlisomewa hii kabla ya kusaini?"

"Nesi, tuliambiwa atakuwa kama Ngassa."

Sawa. Tumwongelee Ngassa basi, maana jina lake linatumika kuwafumba watu macho na maisha yake ya mpira hakuna anayeyasimulia yote.

Mrisho Ngassa ni wa huku huku kwetu Kanda ya Ziwa, kazaliwa Mwanza mwaka 1989. Baba yake, Khalfan Ngassa, naye alikuwa mchezaji. Kijana akapita Kagera Sugar, akaenda Yanga, na mwaka 2009 akasafiri mpaka London kufanya majaribio West Ham. Hakupata mkataba. Mwaka 2011 akaenda Marekani kwa majaribio Seattle Sounders, akaingizwa kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United. Napo hakusajiliwa. Wenye maneno wanacheka hapa, mimi sicheki. Kutoka Mwanza mpaka kukanyaga nyasi moja na Manchester ni safari ambayo wanaocheka hawajaifanya hata kwa ndoto.

Na uwezo alikuwa nao. Desemba 2012, kwenye Kombe la Chalenji kule Kampala, aliifunga Somalia mabao matano peke yake katika mechi moja. Taifa Stars kaifungia mabao yanayohesabiwa kufika 25, na kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza orodha. Kwa miguu yake hakuna ubishi.

Ubishi wangu uko kwenye kalamu.

Mwaka 2010 Azam walimchukua kutoka Yanga, ikatangazwa shilingi milioni 58. Vijiweni mpaka leo utasikia "Ngassa alikula milioni 58". Jamani, ada ya uhamisho inatoka klabu kwenda klabu. Kinachomhusu mchezaji ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba wake mwenyewe: mshahara, hela ya kusaini, posho, matibabu. Kama hakikuandikwa, hakipo. Ukiitangazia familia yako milioni 58 kabla hujajua ipi ni ya mwanao, umeanza kukopa kwa hela ya watu.

Mwaka 2012 Azam wakampeleka Simba kwa mkopo. Mwaka 2013 akarudi Yanga, na hapo ndipo karatasi zikagongana. Simba wakasema ana mkataba nao. Kesi ikafika TFF. Uamuzi ukatoka: afungiwe mechi sita na alipe Simba shilingi milioni 45. Alikuwa na miaka 24, mtu mzima, mchezaji wa timu ya taifa, miguu ikiwa kwenye ubora wake. Hakuvunjika mfupa, hakuchanika msuli. Saini ndiyo iliyomweka jukwaani.

Sina kesi na Simba wala Yanga, msinianzishie vita ya jezi hapa chini. Na simwiti Ngassa mjinga, atakayemwita hivyo nitafuta maneno yake. Alipotoka kifungoni, msimu huohuo alifunga mabao sita Ligi ya Mabingwa Afrika, yote dhidi ya Komorozine ya Comoro: matatu Dar es Salaam na matatu kwao. Idadi hiyo ilitosha kumweka miongoni mwa walioongoza kwa mabao mashindano yale mwaka 2014. Baadaye akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini, akapita Fanja ya Oman, akarudi Mbeya City, Ndanda, kisha Yanga tena mwaka 2018. Ni kazi ya miaka mingi, kwa jasho.

Ninachouliza ni hiki: kama karatasi inaweza kumkwamisha mtu mzima mwenye jina, yenye kila mwandishi wa habari nchini akiifuatilia, itamfanya nini mtoto wa darasa la saba ambaye baba yake kaweka dole gumba chini ya mwembe?

Kuna aliyeniandikia kuwa manesi tushike sindano, mpira tuwaachie wenyewe. Ndugu yangu, kusainisha watu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kabla ya upasuaji kuna fomu ya ridhaa. Najua jinsi watu wanavyosaini: wananiambia "we nesi nioneshe tu pa kuweka". Huwa nakataa. Naisoma kwa Kiswahili, na bibi asiyesikia Kiswahili natafuta wa kumsemesha Kisukuma, kisha namwambia anirudishie alichoelewa. Inachukua dakika kumi. Sasa kama kidole tumbo kinapewa dakika kumi, miaka saba ya mtoto inakosaje?

Sheria nayo haiko upande wa yule bwana. Sheria yetu ya mikataba inataka anayejifunga awe ametimiza miaka 18. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Kumhamisha nchi nyingine kabla ya miaka 18 kumekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Kwa hiyo ukisikia "mtoto anakwenda Ulaya mwezi ujao, leteni hela ya pasi", shikilia hela yako. Na mkataba wa klabu hauruhusiwi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya afya. Vipimo vifanyike kwanza, saini ifuate.

Baba zangu, najua pamba imewachosha na ziwani mambo si kama zamani. Najua mtu akishuka kwenye gari hapo njia panda ya Bariadi na viatu vyeupe, akasema mwanao ana kipaji, moyo unaruka. Wangu pia ungeruka, nina mvulana wa miaka sita anayevunja vikombe kwa mpira wa soksi. Lakini huyo mgeni hakuja kugawa sadaka. Kama nia ni njema, atakuachia karatasi ukalale nayo siku mbili, umpelekee mwalimu akusomee. Akisema saini sasa hivi gari linaondoka, mwache aondoke nalo.

Kijana wa goti anaendelea vizuri, hajavunjika. Daktari kamwambia apumzike. (Na tafadhali, goti lililovimba leo msilikande kwa maji ya moto. Kitambaa cha maji baridi, aliinue, mje.) Baba yake kaahidi kuja Alhamisi na ile karatasi, tukae na mwalimu wake tuisome mstari kwa mstari. Mama kaniambia kwa sauti ya chini kwamba nakala ya pili anayo yule bwana, na simu yake tangu goti livimbe haipatikani.

Mwenye karatasi kama hiyo nyumbani aje nayo. Niko zamu ya mchana mpaka Ijumaa, ila msije saa nane, hiyo ni saa ya kugawa dawa.