"Eneo la kijivu" na gunia la alizeti

Miaka ya karibuni umeingia katika mazungumzo yetu msemo wa Kiingereza, "grey area". Wanasheria na watumishi wa ofisi wanautumia, na vijana wetu wamekwisha kuutafsiri neno kwa neno: "hilo ni eneo la kijivu". Wenye lugha yao hukusudia jambo lisilobainika kama limeruhusiwa au limekatazwa. Sisi tulikuwa na utata, na tulikuwa na shubha, kabla ya kuazima jivu la watu. Lakini msemo si kosa. Linalotusumbua ni kazi unayofanyishwa.

Katika hadithi ya Nuuman bin Bashir, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, na ambayo ni ya sita katika Arbaini ya Imam Nawawi, tunafundishwa kuwa baina ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi yapo mambo ya shubha wasiyoyajua watu wengi. Ndugu msomaji, litazame neno "wengi". Wasiojua ni wengi, si wote. Basi wapo wanaojua, na wanaulizika.

Tuchukue biashara inayofahamika hapa Itigi na vijijini kwetu. Ni Januari, chakula kimepungua nyumbani, alizeti ingali changa. Mwenye fedha anamlipa mkulima leo ili achukue magunia wakati wa mavuno. Ukiuliza hukumu yake barazani, utaambiwa: eneo la kijivu.

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwazuia, aliwataka wajue kipimo, uzito na muda. Mafakihi wanaiita biashara hiyo salam, na masharti yake hayana ukungu. Kwa madhehebu ya Shafi, fedha yote ilipwe papo hapo kwenye makubaliano. Bidhaa iuzwe kwa sifa na kiasi, isiwe "alizeti ya shamba lile pale", kwani shamba lile huenda lisitoe kitu. Na kipimo je? "Gunia" ni gunia lipi: la kilo 100, au lumbesa iliyofumwa kichwa hata wabebaji wawili wakaguna? Wala mwenye kutoa laki moja na kudai laki na nusu mvua ikikataa asijifiche katika kijivu chochote. Hiyo ni riba, na mkewe mkulima, anayelala akiihesabu ada ya shule, analijua hilo bila kufunguliwa kitabu.

Shubha ya kweli ipo. Masharti yote yakitimia, na bei ikawa nusu ya ile ya sokoni kwa sababu tu muuzaji ana njaa, mafakihi wametofautiana juu ya mauzo ya aliyebanwa na dhiki. Hapo ndipo utata ulipo, na mzigo wake tunauona upande wa mnunuzi, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi ya kuacha au kuongeza bei. Mtume (s.a.w.) aliiona tende njiani akaiacha kwa kuchelea isije ikawa ya sadaka. Tende moja! Kwetu shubha imegeuzwa kibali: jambo likiwa halijulikani, basi tuendelee.

Hadithi ile ile inampigia mfano mchungaji anayelisha kando ya malisho yaliyozuiwa. Wafugaji wanaopakana na Pori la Akiba la Rungwa hawahitaji tafsiri. Ng'ombe hausomi mpaka.

Kwa msimu huu tunashauri mambo machache. Mkataba uandikwe, kama inavyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282, na wawepo mashahidi. Utaje kilo, usitaje gunia. Utaje siku ya kukabidhi na fedha iliyolipwa. Na usomwe kwa sauti mbele ya mume na mke kabla ya kidole kutiwa wino.