Oili ya Maisha, Lakini Maisha ya Nani?

Nairobi ina mzaha wake kwa mtu aliyenunua Benz au BMW ya zamani. Gari likigoma kubadilisha gia pale Mombasa Road, matatu zinampigia honi, na kufikia jioni picha ya gari lake likivutwa imezunguka magrupu matatu ya WhatsApp. "Si ungenunua tu Vitz, boss?" Wote tunacheka. Mimi nimechoka na kicheko hicho. Simwonei mwenye gari huruma sana, ila tukimcheka yeye, mwenye makosa anaondoka polepole bila kuulizwa kitu.

Makosa yanaanzia kwenye neno moja: maisha. Kwa miaka mingi BMW iliuza magari ya oto ikisema oili ya giaboksi imewekwa ya maisha, haibadilishwi. Mercedes ilipita njia hiyo hiyo na giaboksi yake ya gia tano iliyotoka mwaka wa 1996, kisha baadaye ikageuka na kuanza kutaka oili ibadilishwe. Kwenye giaboksi hiyo, mrija wa kupimia oili upo, lakini kijiti chenyewe hakimo. Yaani unaonyeshwa mlango, halafu unanyimwa ufunguo.

Sasa sikiza. Giaboksi nyingi za BMW zinatengenezwa na ZF, kampuni nyingine ya Ujerumani. ZF yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Aliyeunda chombo anasema kina muda wake. Aliyekuuzia gari anasema ni cha maisha. Maisha ya nani?

Ya mnunuzi wa kwanza, basi. Yule wa Ulaya au Japani anayekaa na gari miaka mitatu, minne, kisha analirudisha na kuchukua jipya. Yeye haioni kero ya giaboksi hata siku moja, na kwenye karatasi matengenezo yanaonekana rahisi. Bei ya neno hilo inalipwa na mtu wa pili na wa tatu. Mtu huyo mara nyingi ni sisi.

Tena angalia hesabu ilivyoangukia. Kanuni ya KEBS inakataza kuingiza gari lililopita miaka 8. Wengi hununua lenye miaka saba, saba na ushei, kwa sababu ndilo la bei nafuu. Kwa hivyo gari linashuka Mombasa karibu na umri ule ule ambao ZF inasema oili imechoka. Linaoshwa, linapigwa polishi, linawekwa yadi, na muuzaji anakuonyesha viti vya ngozi na kilomita chache. Uliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, uone macho yanavyokwenda pembeni.

Na oili hiyo si ya kulainisha tu. Ndani ya giaboksi ya oto, oili ndiyo nguvu inayobana klachi, ndiyo inayopoza, ndiyo inayolainisha. Kwenye ZF za gia sita, hata kompyuta inayoamua gia imekaa humo humo ndani ya oili ya moto. Ikichoka au ikipungua, msukumo unashuka. Gari linaanza kushtuka likitoka gia moja kwenda nyingine, kisha linateleza, injini inanguruma na gari haliendi. Mwishowe linajifungia kwenye gia moja ili lisijiharibu zaidi. Hapo linajilinda tu, lakini sisi tunasoma tanzia.

Hapa ndipo ninagombana na mafundi wetu pia. Shangazi yangu aliambiwa na fundi mmoja kwamba giaboksi yake imekufa, atafute nyingine ya kutoka Japani, laki moja na nusu bila kazi. Fundi hakuchomeka kompyuta wala hakuingia chini ya gari. Aliendesha mita hamsini akatikisa kichwa. Fundi wa pili alilala chini dakika kumi, akakuta oili inavuja kwenye sili ya mahali nyaya zinapoingia. Kipande kidogo cha plastiki. Alibadilisha hicho, sampu iliyoungana na filta yake, na oili. Gari linatembea hadi leo.

Najua jibu: "Usiguse oili ya zamani, ukibadilisha ndiyo unaua giaboksi." Kuna ukweli kidogo humo. Klachi zikishaungua, oili mpya haizifufui, na ukisukuma uchafu kwa presha unaweza kuziba njia. Lakini huko ni kuchelewa, na kuchelewa hakutibiwi kwa kuchelewa zaidi. Mara nyingine kinachoua ni oili isiyo yake: fundi anamimina ATF yoyote nyekundu aliyo nayo, injini imezimwa, anakisia kiwango. ZF ya gia sita hupimwa injini ikinguruma, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50, na ina oili yake maalum. Fundi asiyejua hilo asikuambie giaboksi ni mbovu.

Sisemi kila mtu akimbilie gari la kifahari lenye miaka kumi na tano. Spea zake ni ghali na hazina huruma. Ninachosema ni kwamba tamaa ya kuendesha kitu kizuri si kosa la kudhihakiwa. Mtoto wa Umoja anayetaka kiti kinachopata joto hajamwibia mtu. Kosa ni kuandika "maisha" kwenye kitu chenye miaka minane, kisha kunyamaza kikivuka bahari.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia oili ni ya maisha, mwambie aiandike kwenye risiti na aweke sahihi. Akikataa, ondoa bei ya oili, sampu na kazi kabla hujatoa hata shilingi. Na fundi akisema giaboksi imekufa, mwambie akuonyeshe maiti.