Upepo Una Kipimo, Tuache "Jaza Mpaka Iwe Jiwe"

Wanachuo wenzangu, mkoa huu una sifa nyingi, lakini moja haina ubishi: Tanga watu wanaendesha baiskeli. Mzee wa kanzu anakwenda nayo msikitini, mama wa baibui anakwenda nayo sokoni Ngamiani, na mwanachuo asiyetaka boom lake liishie kwa bodaboda anakuja nayo darasani. Kwa watu wanaoijua baiskeli kiasi hiki, inashangaza kwamba jambo dogo kuliko yote, yaani upepo kwenye tairi, bado tunalifanya kwa kubahatisha.

Kaa kwa fundi yeyote asubuhi moja, utasikia agizo lilelile: "Fundi, jaza mpaka iwe jiwe." Fundi anapampu, anabonyeza kwa dole gumba, anatikisa kichwa, basi, safari njema. Namheshimu sana fundi wa chini ya mwembe. Kaziba pancha nyingi kuliko kurasa nilizosoma. Lakini hata dole gumba lake haliwezi kutofautisha vizuri upepo wa psi 30 na wa psi 40, hasa tairi likiwa na ubavu mgumu. Hoja yangu ni kwamba upepo sahihi ni namba, na namba hiyo inatokana na uzito wako, tairi lako na njia yako. Na kabla hatujakimbilia fasheni ya tyubulesi inayoanza kuzungumzwa hapa chuoni, tuijue kwanza namba hiyo.

"Jiwe" lina sababu yake, tusilidharau. Anayeshusha magunia ya mkaa kuja mjini akiweka upepo kidogo, tairi linabonyea hadi rimu inagonga chini na tyubu inang'atwa katikati. Ukiichomoa unakuta matundu mawili sambamba, kama imeumwa na nyoka. Kwake yeye kujaza sana ni akili. Wewe je? Una kilo 60, begi la daftari na chupa ya maji. Ukijaza kama wa mkaa, kila kokoto inakurusha. Nguvu ya miguu yako inapotea kukupandisha juu badala ya kukupeleka mbele, na kwenye mchanga au kokoto gurudumu linateleza ukishika breki. Kwenye lami nzuri ya mjini huenda usione tofauti kubwa. Ingia njia za vumbi kati ya mashamba ya mkonge, au panda kutoka Muheza kwenda Amani, utaelewa nasema nini.

Tufanye hesabu kidogo, haiumi. Chukua mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 15 na mzigo wa kilo 5. Jumla 85. Mara nyingi gurudumu la nyuma hubeba kama asilimia 60, yaani kilo 51. Ukiweka psi 30, ambayo ni karibu kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba, tairi linahitaji kugusa ardhi kwa sentimita za mraba 24 hivi ili kuubeba uzito huo. Hilo ni eneo kubwa kidogo kuliko kiberiti. Ukijaza hadi psi 60, eneo linakuwa 12, dogo kuliko kiberiti. Sasa jiulize, kwenye kokoto zinazoteleza ungependa ushikiliwe na kipi? Hesabu hii si kamili, maana ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito, lakini inatosha kukuonyesha mwelekeo.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja wilayani Muheza, niliuliza darasa maana ya "pressure". Mikono ikapanda, jibu likatoka kwa Kiingereza safi, kwa pamoja, kama wimbo. Nikauliza: kwa nini tairi la baiskeli ya mzigo hujazwa zaidi? Kimya. Na nusu ya wale watoto walikuwa wamekuja shule kwa baiskeli!

Nikaandika ubaoni neno ambalo wataalamu wa Kiswahili walishatuundia: kanieneo. Neno hilo limebeba kanuni yake ndani: kani, halafu eneo. Kani igawe kwa eneo, umemaliza. Tukatoa baiskeli moja nje, tukapaka tairi la nyuma vumbi la chaki, tukamkalisha mwanafunzi juu, tukalishusha taratibu kwenye karatasi ya grafu. Geji yangu ilisoma psi 30. Tukahesabu visanduku, tukapata sentimita za mraba 18. Mara 2.1 inakuja karibu kilo 38. Tulipoliweka gurudumu lilelile juu ya mizani ya stoo ya jikoni, huku baiskeli imesawazishwa, ilisoma 42. "Mwalimu, kilo nne zimekwenda wapi?" akauliza mmoja. Swali hilo peke yake lilikuwa kipindi kizima, maana hapo ndipo tulipouzungumza ubavu wa tairi. Ndiyo maana nasema suala la upepo si la wapenda michezo tu. Sisi tunaosoma ualimu tunatafuta zana za kufundishia mbali wakati zimeegeshwa nje ya darasa.

Sasa tyubulesi. Kwa asiyejua, ni tairi lisilo na tyubu ndani, kama matairi ya magari mengi. Kwenye baiskeli za milimani mfumo huu ulianza kushika kasi mwaka 1999, kampuni za Ufaransa Mavic, Michelin na Hutchinson zilipoingiza sokoni matairi na rimu za namna hiyo. Ndani unamimina maji mazito ya kuziba, ambayo mengi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira, wa aina ileile inayogemwa kwenye mashamba ya Kihuhwi, Muheza. Mwiba ukitoboa, utomvu unakimbilia kwenye tundu na kuganda. Na kwa kuwa hakuna tyubu ya kung'atwa, unaweza kupunguza upepo kuliko kawaida bila kuogopa yale matundu mawili.

Sitaki kuudharau mfumo huu. Kwa mtu anayepita kwenye mbigili na ncha za majani ya mkonge kila siku, ni dawa kweli. Ila una masharti manne, na wanaosifia hawayasemi.

Kwanza, rimu lazima iwe ya kazi hiyo, au angalau ikubali utepe usiopitisha hewa juu ya matundu ya spoku. Rimu ya chuma ya Phoenix ya babu haikutengenezwa kwa hilo, usiilazimishe. Pili, tairi lenyewe liwe limeandikwa ubavuni kwamba ni la tyubulesi, maana mdomo wake ndio unaoshikilia hewa. Tatu, kulikalisha tairi kwenye rimu kunataka hewa nyingi kwa mkupuo. Paka povu la sabuni kwenye midomo yote miwili, toa kile kisindano cha ndani ya valvu, kisha tumia kompresa ya mafundi wa magari. Utasikia mlio wa "pa! pa!" tairi likikaa mahali pake. Usivuke namba ya juu iliyoandikwa kwenye tairi au rimu, ipi ndogo ndiyo ufuate. Baada ya hapo mimina utomvu mililita 80 hadi 120, kama theluthi ya chupa ya soda, rudisha kisindano, jaza, kisha zungusha gurudumu na kulilaza kila upande. Nne, na hili ndilo kubwa kwetu, utomvu unakauka. Kwa joto la pwani usitegemee nusu mwaka, fungua uangalie kila baada ya miezi miwili. Ukikauka umebaki na tairi tupu lisiloziba chochote.

Kama masharti hayo hayakai kwako, ipo njia ya kati: maji hayohayo ya kuziba yanaweza kuingizwa kwenye tyubu ya kawaida kama valvu yake inafunguka kisindano. Hutapata faida ya kupunguza sana upepo, lakini mbigili zitapungua makali. Na kwa wengi wetu, tyubu nzima, kiraka kizuri na upepo uliopimwa vinatosha kabisa.

Namba za kuanzia ni hizi, kwa mtu wa kilo 60 hadi 65 bila mzigo mkubwa. Baiskeli ya milimani yenye tyubu na tairi la upana wa inchi 2 hivi: mbele psi 28 hadi 32, nyuma 32 hadi 36. Ya tyubulesi yenye upana kama huo au zaidi kidogo: mbele 20 hadi 23, nyuma 23 hadi 26. Matairi membamba ya baiskeli kubwa za kawaida yanataka zaidi, soma ubavuni na usitoke nje ya kilichoandikwa. Kisha rekebisha psi 2 kwa wakati mmoja. Rimu ikigonga chini, ongeza. Unarushwarushwa na gurudumu linateleza, punguza. Ukipakia mtu, ongeza nyuma. Ukiisha ipata yako, iandike kwenye daftari. Na upime asubuhi kabla ya jua: tairi la psi 30 lililotoka nyuzi 25 likapata joto la nyuzi 50 juani, husoma psi 3 au 4 zaidi bila wewe kuongeza kitu.

Najua wapo watakaosema, "Sasa geji tutaitoa wapi?" Hilo ndilo ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi. Tunahitaji pampu mbili za kusimama chini zenye geji, moja hosteli na moja karibu na kumbi za mihadhara, zimefungwa kwa mnyororo, na mtunzaji wake awe yule askari wa getini ambaye yupo saa zote. Hazizidi gharama ya tisheti tunazogawiana wakati wa kampeni. Tumkaribishe pia fundi mmoja wa mtaani aje siku ya Jumamosi, alipwe kama mkufunzi yeyote, atufundishe kutia kiraka na kukaza spoku. Sisi wa ualimu tutampa geji na hesabu, yeye atatupa mikono. Nadhani katika mabadilishano hayo sisi ndio tutakaopata zaidi.

Mwakani wengi wetu tutapangiwa shule ambazo daladala inaishia njia panda, na kilomita zinazobaki ni zako. Utakayeingia darasani saa moja na nusu hujalowa jasho na hujasukuma baiskeli yenye pancha, utakuwa na nguvu ya kufundisha. Anza leo, pima upepo wako.