Umefungwa na Mwenzako au na Mtandao?

Na Ustadh wa Darasa la Tano



Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya mwaka huu, bila shaka alitarajia nitaandika habari za tajwidi au sira, kama ilivyo ada yangu. Nimemwomba ruhusa niandike habari za gemu. Najua wapo wazazi watakaoguna, na wapo walimu wenzangu watakaouliza Ustadh huyu kaingiwa na nini. Lakini mwaka huu nilitoa hukumu mbovu baina ya wanafunzi wawili wa chuo hiki. Kwa kuwa niliitoa mbele ya darasa zima, sina budi kulieleza jambo lenyewe mahali ambapo nyote mtasoma.

Kisa ni hiki. Mwanafunzi wa kwanza ni bingwa wa kibandani. Kibanda chenyewe mnakijua, na mimi nakijua zaidi kwa sababu ndiko ninakowatafuta mnapochelewa darasani. Kijana huyu akishika pedi ya Tekken, wakubwa zake hunyanyuka. Wa pili ana mashine nyumbani, naye amejifunza kwa kucheza na watu wa mbali kwa mtandao. Usiku mmoja wa Ijumaa wakacheza kwa mtandao, huyu akiwa kwao na yule akiwa kwa mjomba wake. Bingwa wa kibandani akafungwa michezo tisa katika kumi. Kesho yake akaja darasani akamwita mwenzake mwizi, kwamba alikuwa anauchezea mtandao makusudi. Wakashikana mashati. Mimi nikasema aliyeshindwa akubali kushindwa, nikamtaka aombe radhi. Akaomba, machozi yakimlengalenga.

Wiki mbili hazijapita, wakakutana kibandani, televisheni moja, benchi moja. Safari hii aliyefungwa ni yule wa mtandaoni, kumi kwa bila. Nilipopata habari nikasema, kumbe ni kweli, kijana huyu mwizi! Nikamwita nikamkaripia naye pia. Hukumu mbili, na zote mbili sikuwa na ujuzi wa ninachokihukumu.

Baadaye ndipo nilipokaa nao chini wanieleze. Gemu za kupigana huonyesha picha 60 kwa kila sekunde moja. Picha moja huitwa fremu, na maisha yake ni kama milisekunde 17 tu. Kila pigo hupimwa kwa fremu. Ngumi nyepesi katika Tekken huchukua fremu 10 kufika. Yule mpiganaji aitwaye Bryan ana teke la chini zito, linalochukua zaidi ya fremu 25, na likikupata umekwisha. Kwa nini basi wachezaji hodari hawapatwi nalo? Kwa sababu mtu aliyekaa tayari huhitaji kiasi cha robo sekunde, yaani fremu 15, tangu jicho lione mpaka kidole kibonyeze. Ongeza fremu chache zinazoliwa na mashine na televisheni. Bado nafasi inabaki, ndogo lakini ipo. Bingwa wetu wa kibandani hula katika nafasi hiyo. Husubiri, huona teke likianza, huinama, hukinga, kisha humwadhibu mwenzake.

Sasa weka mtandao katikati, uchelewe kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hizo ni fremu 6. Ile nafasi yote imekwenda! Teke ni lile lile na jicho ni lile lile, lakini ukiliona limeshakupiga.

Na hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Katika mfumo wa zamani wa kucheza kwa mtandao, programu huzuia kitufe cha kila mchezaji kidogo, ikisubiri habari za mwenzake zifike, ili wote wawili waone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba lagi, kama mnavyoiita, iliwapata wote wawili sawasawa, ila haikuwadhuru sawasawa. Anayeshambulia kwa mfululizo aliouzoea hahitaji kuona kitu. Vidole vyake vimeshahifadhi. Anayetegemea kuona kwanza ndipo ajibu ndiye aliyenyang'anywa silaha yake. Hakuna aliyeiba.

Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, niliwasomesha baadhi yenu kwa simu. Mwanafunzi anasoma, anakosea neno, nasema "rudi". Sauti yangu inamfikia yuko maneno matatu mbele. Anadhani nimekataa lile analolitamka sasa hivi, analigeuza, na lilikuwa sahihi. Tuligombana sana wiki ya kwanza. Kisha pasipo kuambizana tukabadilisha mwendo. Wao wakawa wanatua kila mwisho wa kifungu na kuningoja, nami nikaacha kusubiri kosa litokee, nikawa naonya kabla ya pale ninapojua fulani huteleza. Yaani niliacha kusomesha kwa sikio, nikawa nasomesha kwa kuwajua.

Mchezaji wa mtandaoni naye hufanya vivyo hivyo. Kwa kuwa hawezi kungoja aone, hujifunza kubashiri. Huyu akiangushwa huamka na teke. Huyu akikinga mara mbili hujaribu kukaba. Aidha, huchagua mapigo ambayo hata yakikingwa hayamletei madhara, akayarudia na kuyarudia. Watu wa kibandani huuita mchezo huo wa kijinga. Mimi siuoni hivyo. Ni kama mpira wa mchangani na mpira wa kwenye nyasi. Aliyezoea mchanga hupiga pasi za juu kwa sababu ya chini haifiki, na hatumwiti mwizi wa mpira kwa hilo. Lakini akija uwanjani akaendelea kuinua kila pasi, ataumbuka, kama kijana wetu alivyoumbuka kibandani.

Lagi iliyo mbaya kuliko zote ni ile inayobadilikabadilika. Ikiwa ni fremu 5 mchezo mzima, vidole huzoea. Ikiwa mara 3, mara 9, hakuna kinachozoeleka. Street Fighter IV, iliyoingia majumbani mwaka 2009, ilikuwa na mifululizo inayotaka kitufe kibonyezwe ndani ya fremu moja hasa. Mtu aliweza kuifanya mara mia akiwa peke yake, na mtandaoni ikamponyoka.

Umbali pia una hesabu yake. Mwanga ndani ya nyaya za kioo huenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,450 kwa mstari ulionyooka, basi kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 24, na nyaya hazinyooki. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009, mawasiliano yetu mengi ya nje yalipitia satalaiti zilizo kilomita kama 36,000 angani, na swali na jibu lake vilichukua karibu nusu sekunde. Hizo ni fremu 30! Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zilipokatika, nyote mnakumbuka hali ya intaneti nchini. Lakini hawa wawili wanakaa kata moja, umbali si kisingizio. Kule kwa mjomba hutumia mtandao wa simu, na mnara ule ule siku ile ya Ijumaa usiku ulikuwa ukitumiwa na mtaa mzima.

Upo mfumo mpya zaidi. Mwaka 2006 Mmarekani Tony Cannon, mmoja wa waasisi wa mashindano makubwa ya Evo, alitengeneza programu inayoitwa GGPO. Hii haisubiri habari za mwenzako. Inakisia kuwa anaendelea kufanya alichokuwa akifanya fremu iliyopita, na mara nyingi inapatia. Ikikosea, hurudi nyuma, husahihisha, na kukuletea hali ilivyo kweli kufumba na kufumbua. Gemu kubwa za karibuni, kama Guilty Gear Strive ya 2021, Street Fighter 6 ya 2023 na Tekken 8 ya 2024, hutumia njia ya namna hiyo. Jicho limerudishiwa sehemu kubwa ya haki yake. Hata hivyo si yote, kwani kila inaporudi nyuma huzila fremu za mwanzo wa pigo, na ngumi ya fremu 10 unaweza kuiona ikiwa imeshafika nusu ya safari.

Wapo watakaosema basi mtandao hauna maana, bingwa ni wa benchini tu. Nao wana hoja. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, ajulikanaye kama Arslan Ash, alitwaa ubingwa wa Tekken 7 katika Evo ya Japani na tena katika Evo ya Las Vegas, akitokea katika vibanda vya kwao ambako watu huketi ana kwa ana. Na Evo ya 2021 ilipochezwa kwa mtandao, washindani waligawanywa kwa kanda, kwa sababu huwezi kumkutanisha mtu wa Asia na wa Amerika kwa haki. Lakini mimi naona kudharau ni kosa jingine la aina ile ile niliyoifanya. Asiye na kibanda jirani atajifunzia wapi?

Kuhusu wizi, upo. Wako watu wanaouchelewesha mtandao kwa makusudi pale wanapotaka kushambulia. Lakini hilo lina dalili zake, kwani mtandao huganda wakati ule ule unaomfaa yeye, tena na tena, na kwingine ni shwari. Anayemtuhumu mwenzake alete hilo, si hasira. Kwanza aache waifai achomeke waya, kisha wakutane kwenye mashine moja. Michezo ya sikukuu ya chuo mwaka huu nimependekeza ichezwe ukumbini kwenye televisheni moja, na kamati imekubali.

Vijana wale wawili nimewaomba radhi, kila mmoja peke yake na kisha mbele ya darasa. Wa kibandani alinyamaza kidogo, akaniuliza kama sasa ataruhusiwa kwenda kwa mjomba siku za Ijumaa. Huko ameanza kujifunza kuinama kabla hajaliona teke. Na mwenzake huenda kibandani Alhamisi, akijifunza kungoja. Mara ya mwisho nilipowauliza, walikuwa wamefungana sita kwa nne mtandaoni, na sikuuliza sita ni za nani.