Cheche Hutangulia Moto

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Februari 2009, joto katika mji wa Melbourne, jimbo la Victoria nchini Australia, lilipita nyuzi 46. Misitu na nyasi zilikuwa zimekauka kwa ukame wa miaka mingi, na upepo mkali ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini. Kabla ya adhuhuri waya wa umeme ulikatika huko Kilmore East, ukatoa cheche, na nyasi zikashika. Moto huo peke yake uliwaua watu 119. Kwa jumla mioto ya siku ile ilichukua roho 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za watu wa mashamba na wa miji midogo kama Kinglake na Marysville.

Wengi hudhani kwamba nyumba huungua kwa kufikiwa na ndimi za moto. Mara nyingi sivyo. Magome ya mikaratusi hubanduka yakiwaka, huchukuliwa na upepo kilometa kadhaa mbele ya moto wenyewe, kisha huangukia majani makavu yaliyojaa katika mifereji ya paa, au hupenya darini kwa tundu dogo tu. Aliyekulia katika nyumba ya nyasi hahitaji kuelezwa jambo hilo. Lakini huko hata nyumba za matofali ziliungua, zikianzia ndani.

Kwa miaka mingi wananchi wa Victoria walikuwa wamefundishwa kuchagua moja kati ya mawili: kujiandaa na kubaki kuilinda nyumba, ama kuondoka mapema. Shauri hilo lilikuwa na msingi wake, kwani katika mioto ya zamani wengi walikufa njiani, wakikimbia dakika za mwisho. Siku ile, hata hivyo, watu 113 walifia ndani ya nyumba. Jioni upepo uligeuka ghafla, ukavuma kutoka kusini-magharibi, na ubavu mrefu wa moto ukawa ndio uso wake. Aliyedhani kwamba umempita akaukuta mlangoni.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha pia kwamba katika familia kadhaa mume na mke hawakuwa na shauri moja. Mara nyingi mume alitaka kubaki, mke akataka kuondoka na watoto, na mabishano yakaanza moshi ulipokwisha kuonekana. Tume ya Kifalme, iliyotoa ripoti yake mwaka 2010, ilishikilia kwamba katika siku za hatari kuu jambo la salama ni kuondoka mapema. Mapema ni asubuhi, kabla ya moshi, pengine kwa siku ambayo hatimaye hakitaungua kitu. Si jambo jepesi kumwambia mkulima awaache ng'ombe wake kwa sababu ya upepo tu.

Katika nyumba ya askari uzito huzidi, kwa kuwa siku ya moto ndiyo siku asiyopata ruhusa. Mkewe hana budi kujua tangu mwanzo wa kiangazi atatoka lini, kwa njia ipi, ataelekea kwa nani, na nani atamshika mkono bibi kizee, pasipo kungoja habari kutoka kambini.