Mungu Hakutunyima Mboga

Kila mwaka mvua zinapokatika, tunasikia neno lile lile mlangoni pa kanisa: "Mungu ametunyima mboga." Na kila mwaka, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, huku kwetu upande wa Moba na Kalemie, maembe yanalala chini ya miti hata nguruwe wanayapita. Wakristu wenzetu, tuseme kweli. Mungu hakutunyima kitu. Sisi ndio tunaotupa.

Tuangalie tomati. Wakati wa kiangazi, wenye bustani kando ya mito na ya ziwa wanazivuna nyingi mpaka bei inaanguka, na zinazobaki jioni zinaozea sokoni. Mvua zikianza, ugonjwa unaunguza majani yake, tomati zinakuwa haba, na mama anapeleka franka zake dukani kununua mkebe mdogo wa tomati iliyovuka bahari. Lakini jua la mwezi wa saba lingalimfanyia kazi hiyo bure! Zikatwe vipande, zitiwe chumvi kidogo, zitandazwe juu ya kitambaa safi kilichoinuliwa kutoka chini, zifunikwe kwa chandarua kwa sababu ya mainzi, na kila jioni ziingizwe ndani zisilowe umande. Kilo kumi zitabaki nusu kilo na kitu, maana tomati karibu yote ni maji.

Majani ni kinyume. Lengalenga, matembele na majani ya kunde hujaa wakati wa masika, kisha kiangazi kinayamaliza. Hayo yachovywe kwanza katika maji yanayochemka, dakika mbili au tatu, ndipo yaanikwe kivulini penye upepo. Tunasema kivulini, kwa kuwa jua kali linaharibu vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto. Bibi zetu walikausha majani wakayapika na karanga, wala hawakungoja mtu wa kuwafundisha.

Lakini wako wanaotujibu: "Majani makavu ni chakula cha maskini wa kijijini." Tunawauliza: na ndagala mnazokula kila juma, je, si kavu? Mbona samaki mkavu ni heshima mezani, na jani kavu ni haya? Kijana huyo anaona aibu kula majani ya bibi yake, lakini haoni aibu kukopa kwa jirani mwezi wa tisa.

Wababa nao wanasema hiyo ni kazi ya wanawake. Basi nani anakata miti ya uchaga? Yule yule anayejenga uchaga wa samaki zake hawezi kumjengea mkewe mmoja?

Yusufu kule Misri aliweka akiba miaka saba ya shibe. Bwana Yesu, aliyeweza kuzidisha mikate tena kesho yake, aliagiza vipande vikusanywe, vikajaa makapu kumi na mawili. Na Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alikumbusha kwamba kutupa chakula ni kama kukiiba mezani pa maskini. Sisi tunaungama kuku mmoja tuliyemwiba. Mwembe mzima uliooza hatuungami.

Maembe, tunakiri, ni magumu, kwa sababu yanaiva wakati wa mvua. Yakatwe membamba, yakaushwe juu ya uchaga wa jikoni mbali kidogo na moshi, au katika tanuru ya mikate ikiisha kupoa. Kuyapika na sukari ni kuzuri pia, lakini sukari ni ghali, na hatutaki kuwatwika mafukara mzigo.

Jambo moja tunalikataza kabisa: kufunga mboga ndani ya chupa baada ya kuzichemsha tu katika sufuria. Ndani ya chupa hiyo yaweza kukua sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Maji ya kuchemka hayaui mbegu yake. Kaushia tu, kisha weka katika chungu au ndoo yenye kifuniko, mahali pakavu, na kuchungulia mara kwa mara. Kilichoshika ukungu kitupwe, wala asipewe mtoto.